Nani Asemaye Kwamba Wananchi Hawakuamua?

Kila mara uchaguzi mkuu wa Ayalandi unapokwisha bila ya chama kimoja kupata wingi wa viti, husikika kauli moja, nayo hurudiwa hata na wanazuoni ambao ningetazamia wayapime maneno yao kabla ya kuyatoa: kwamba wananchi hawakuamua. Ilisemwa Februari 2016, ikasemwa tena Februari 2020, na kwa sauti ndogo kidogo ikasemwa mwishoni mwa 2024. Wasemao hivyo huongeza kuwa taifa lisiloamua ni taifa gonjwa, na kwamba dawa ya ugonjwa huo ni kuibadili njia ya kupiga kura ili mshindi ajulikane usiku ule ule. Nachukua kalamu kuipinga kauli hiyo. Naona kwamba imejengwa juu ya dharau kwa mpiga kura, dharau iliyovikwa joho la elimu.

Kwanza tulisafishe neno. Msomaji wa Kiswahili asikiapo "serikali ya mseto" yamkini mawazo yake huenda Nairobi, mwaka 2008, wakati wakubwa wawili walipoketishwa katika serikali moja ili damu iache kumwagika baada ya uchaguzi uliogombaniwa. Mseto wa Ayalandi si wa namna hiyo. Katika chaguzi ninazozitaja hapa, hesabu ya kura ilifanywa mbele ya macho ya watu, kwa siku kadhaa, na washindi na washindwa waliikubali. Mzozo haukuwa juu ya nani kapata nini. Ulikuwa juu ya nani atakaa na nani.

Yanipasa sasa kueleza jinsi Mwayalandi apigavyo kura, kwa sababu hoja yangu yote imo katika karatasi ile. Yeye hatii alama moja mbele ya jina moja na kwenda zake, kama afanyavyo Mwingereza achaguapo wabunge wake wa Westminster. Jimbo lake hutoa wabunge watatu, au wanne, au watano. Hupewa orodha ya wagombea, naye kwa penseli huandika 1 mbele ya jina la ampendaye kuliko wote, 2 mbele ya yule amfuatiaye, 3, 4, na kuendelea kadiri apendavyo. Kura halali zikiwa 50,000 na viti vikiwa vinne, kila afikishaye 10,001 amechaguliwa, kwa kuwa haiwezekani kupatikana watu watano wenye hesabu hiyo. Kura zake za ziada huhamishiwa kwa wale walioandikiwa namba ya pili. Na mgombea wa mkiani akiondolewa, karatasi zake hazitupwi, bali hupelekwa kwa yule anayefuata katika chaguo la kila mpiga kura. Kazi hiyo huendelea, hesabu juu ya hesabu, hata viti vyote vijae.

Sasa nauliza: mtu aliyeandika 1 kwa mgombea wa chama hiki, 2 kwa mgombea wa chama kile, na 3 kwa mtu asiye na chama, amefanya nini? Amepika mseto. Ametangaza mbele ya sheria kwamba kama hampati huyu ataridhika na yule, na kwamba baina ya wawili asiowapenda yupo mmoja anayemchukia kidogo zaidi. Amekwisha fanya kwa penseli, katika dakika mbili, jambo ambalo viongozi wake watahitaji majuma na miezi kulifanya katika vyumba vya mazulia. Kumwambia mtu huyo kwamba hakuamua ni sawa na kumwambia aliyeagiza wali na choroko kwamba hajui kuagiza chakula kwa sababu hakutaja kimoja tu.

Wala haiwezekani kudai kwamba njia hii ya kura ilimwangukia kwa bahati mbaya, asijue ina matokeo gani. Aliulizwa. Chama cha Fianna Fáil, ambacho kilikuwa kimezoea kutawala na kikachoka kutawala kwa viti vya kubahatisha, kiliitisha kura ya maoni mwaka 1959 ili kuileta njia ya Kiingereza ya jimbo moja na mbunge mmoja. Siku iliyochaguliwa ilikuwa 17 Juni, siku ile ile ya uchaguzi wa rais, na mgombea alikuwa Éamon de Valera mwenyewe, mwasisi wa chama. Yamkini ilidhaniwa kwamba heshima ya mzee ingeivusha na hoja yake. Wananchi wakampa urais, na badiliko lake la kura wakalikataa, siku moja, mkono mmoja. Mwaka 1968 chama hicho kikauliza tena. Safari hii watu sita katika kila kumi waliopiga kura walijibu hapana. Sijui ni lugha gani nyingine ambayo taifa laweza kuitumia kusema kwamba linapendelea kutompa mtu mmoja kila kitu.

Kwa hiyo tatizo haliko kwa mpiga kura. Kama lipo, na nakiri kwamba lipo, tulitafute kwa wale waliopewa matokeo wakashindwa kuyapokea.

Tazama uchaguzi wa 4 Februari 1948. Fianna Fáil kilikuwa kimetawala miaka kumi na sita. Kilipata viti 68 kati ya 147, pungufu ya viti sita tu ili kifikie wingi, na aghalabu ilitazamiwa kuwa kingeendelea. Waliobaki walikuwa vyama vitano na kundi la wabunge wasio na chama: matajiri wa mjini na wakulima wadogo wa magharibi, watu wa vyama vya wafanyakazi waliogawanyika mafungu mawili yasiyosemezana, na chama kipya cha Clann na Poblachta chini ya Seán MacBride, mtu aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya IRA. Kikubwa miongoni mwao kilikuwa Fine Gael, mrithi wa wale waliokubali mkataba wa 1921 na Uingereza na kupigana na ndugu zao walioukataa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923. Kiongozi wa Fine Gael alikuwa Richard Mulcahy. Kwa desturi ya kila nchi, yeye ndiye aliyestahili kuwa Taoiseach, yaani Waziri Mkuu. Walakini Mulcahy alikuwa amelishika jeshi la serikali wakati wa vita vile, na katika zama zake wafungwa zaidi ya sabini wa upande wa pili waliuawa kwa amri ya serikali. Watu wa MacBride wasingeweza kukaa chini yake. Robo karne ilikuwa imepita, lakini makaburi yalikuwa bado yana majina.

Mulcahy akafanya nini? Alijitenga na kiti. Hakukiacha chama chake, hakuomba radhi kwa aliyoyaamini, wala hakutoa hotuba juu ya heshima yake. Alisimama kando, akakubali Wizara ya Elimu, na kiti kikubwa kikaenda kwa John A. Costello, mwanasheria ambaye hakuwa kiongozi wa chama chochote. Tarehe 18 Februari Costello alichaguliwa. Zilikuwa zimepita siku 14.

Sisemi kwamba serikali ile ilikuwa ya malaika. Ndiyo iliyoitangaza nchi kuwa jamhuri, kwa sheria ya 1948 iliyoanza kazi Aprili 1949. Na ndiyo iliyopasuka mwaka 1951, wakati Waziri wa Afya, Noël Browne, alipoleta mpango wa matibabu ya bure kwa akina mama na watoto, madaktari na maaskofu wakaupinga, na wenzake barazani wakamwacha peke yake. Aibu ile naiona hata leo. Bali nataka msomaji aishike hesabu: vyama vitano, na wasio na chama, na damu baina yao, siku 14. Kisha aiweke kando ya hesabu ya 2020, wakati hakukuwa na damu baina ya mtu na mtu, na siku zikawa 140.

Nini kilichozidisha muda mara kumi? Si wingi wa vyama, wala si ugumu wa hesabu. Ni viapo. Katika miaka ya baadaye wakubwa wa siasa za Ayalandi walijizoeza kuapa, kabla ya kura, juu ya nani hawatakaa naye kamwe. Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawa huwatukana wakunga wote wa mji, kisha uchungu ukiwajia hushangaa kwamba mlango haufunguliwi.

Kiapo cha kwanza kuvunjika kilikuwa cha Fianna Fáil. Kutoshirikiana na chama chochote kulikuwa kwao kama nguzo ya imani. Mwaka 1989 Charles Haughey aliitisha uchaguzi kabla ya wakati, akitafuta wingi, akatoka na viti 77 kati ya 166, vichache kuliko alivyokwenda navyo. Tarehe 29 Juni baraza la Dáil lilishindwa kumpata Taoiseach, jambo lisilowahi kutokea. Tarehe 12 Julai Haughey alichaguliwa kwa msaada wa viti sita vya Progressive Democrats, chama cha Desmond O'Malley, ambaye Fianna Fáil kilikuwa kimemfukuza mwaka 1985. Nguzo ya imani iling'olewa kwa siku kumi na tatu, na nyumba haikuanguka. Uchaguzi wa 1987 ndio uliokuwa wa mwisho kuzaa serikali ya chama kimoja.

Uchaguzi wa 26 Februari 2016 ulikipa Fine Gael viti 50, Fianna Fáil 44, na Sinn Féin 23, kati ya 158. Mtoto wa shule angeweza kuona kwamba 50 na 44 ni 94. Mwezi wa Aprili Enda Kenny wa Fine Gael alipendekeza ushirika kamili. Fianna Fáil kikakataa. Badala yake ukatungwa mkataba ambao kwa huo Fianna Fáil kingekaa upande wa upinzani huku kikijizuia kuipinga serikali katika bajeti na katika kura za imani. Tarehe 6 Mei, siku 70 baada ya uchaguzi, Kenny alipata kura 59 dhidi ya 49, na wabunge wa Fianna Fáil walikaa vitini bila ya kupiga kura. Mkataba ule ulidumu kuliko wengi walivyobashiri, hata mwanzo wa 2020, nami sitaki kuunyima sifa hiyo. Lakini nani alitawala? Chama kilichoshika wizara hakikuwa na wingi, na chama kilichotoa wingi hakikuwa na wizara. Jambo likiharibika, mmoja husema alizuiwa, mwingine husema hakuwamo. Mpiga kura aliyetaka kumwadhibu mwenye kosa alikuta watu wawili, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Naona huo ndio udanganyifu hasa: kushiriki bila ya kukiri ushirika.

Kisha ukaja uchaguzi wa 8 Februari 2020. Fianna Fáil viti 38, Sinn Féin 37, Fine Gael 35, kati ya 160. Hapakuwa na vyama viwili vilivyoweza kufikia 80 kwa njia yoyote ya kuvijumlisha. Ilikuwa lazima wawe watatu au zaidi. Na katika kampeni kiongozi wa Fianna Fáil, Micheál Martin, alikuwa amekwisha kataa kukaa na Fine Gael, na amekwisha kataa kukaa na Sinn Féin. Mtu aliyefunga milango yote miwili ya nyumba yake kwa ndani, atoke wapi?

Mwezi Machi maradhi ya korona yalifunga shule na maduka. Nchi iliongozwa na serikali iliyokwisha kuaga, nayo ilifanya kazi, sikatai. Katiba inawaamrisha mawaziri kuendelea na kazi zao hata warithi wao wateuliwe. Lakini miongoni mwao walikuwamo mawaziri watatu waliopoteza viti vyao Februari, watu ambao majimbo yao yamewaambia rudini nyumbani, nao wakiweka sahihi mambo ya nchi hadi mwisho wa Juni. Na kulikuwa na kifungo kingine ambacho wachache wakikumbuka. Baraza la Seneti lina watu 60, na 11 kati yao huteuliwa na Taoiseach, si yule anayeondoka bali yule atakayechaguliwa baada ya Dáil mpya kukutana. Pasipo na Taoiseach mpya hakuna Seneti kamili, na pasipo na Seneti ilionekana haiwezekani kupitisha sheria. Basi kwa majuma mengi, katikati ya maradhi, bunge la nchi huru halikutunga sheria hata moja. Hilo halikuletwa na penseli ya mpiga kura.

Tarehe 27 Juni Martin alichaguliwa kwa kura 93 dhidi ya 63, katika jumba la mikutano mjini Dublin, kwa kuwa ukumbi wa Dáil ulikuwa mdogo mno kwa watu walioamriwa wasikaribiane. Waliomchagua ni Fianna Fáil, Fine Gael na chama cha Kijani, pamoja na baadhi ya wasio na chama. Warithi wa vita vya 1922 waliingia serikali moja kwa mara ya kwanza, wakakubaliana kupeana kiti kikuu katikati ya safari, na Desemba 2022 wakapeana kweli, bila ya ghasia.

Hapa wapinzani wangu wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba mpango wa serikali huandikwa baada ya kura, kwa hiyo hakuna aliyeuchagua. Najibu: mwaka 2020 uliandikwa, ukachapishwa, ukapelekwa kwa wanachama wa vyama vitatu. Wa Fianna Fáil waliukubali kwa asilimia 74, wa Fine Gael kwa 80, na wa Kijani, ambao kanuni yao ilidai theluthi mbili, kwa 76. Ni wapi katika serikali ya chama kimoja ambapo wanachama hupewa nafasi ya kuyakataa maandishi kabla ya wakubwa kukalia viti?

Ya pili ni nzito zaidi, nayo yahusu Sinn Féin. Chama hicho kilipata asilimia 24.5 ya kura za chaguo la kwanza, kuliko chama kingine chochote, kisha kikaachwa nje. Husemwa kwamba mshindi aliporwa. Sikubali neno hilo. Asilimia 24.5 ina maana kwamba watu watatu katika kila wanne waliandika 1 mahali pengine. Na chama chenyewe kilisimamisha wagombea 42 tu, kwa hiyo hata kama wote wangeshinda kisingeweza kutawala peke yake. Aliye wa kwanza katika mbio za watu wengi hana haki ya kuchukua uwanja. Walakini nakubaliana nao kwa jambo moja, na nalisema bila ya kusita: kukataa hata kuketi naye mezani kulikuwa ni kosa. Mazungumzo yakivunjika juu ya kodi au nyumba, mpiga kura huelewa. Mlango ukifungwa kabla ya kubishwa, robo ya wapiga kura huambiwa kwamba karatasi zao hazina uzito wa karatasi nyingine. Hiki nacho ni kiapo, na ni kibaya kuliko vingine, kwa sababu chaapwa dhidi ya watu.

Nao wanaoufanya mseto uive, hulipwaje? Mwenye kupika ajua kwamba katika chungu kile choroko ndizo zipotezazo umbo. Labour kiliingia serikalini 2011 kikiwa na viti 37, kikatoka 2016 na saba. Chama cha Kijani kiliingia 2007 na sita, kikatoka 2011 bila ya hata kimoja; kikajaribu tena 2020 na viti 12, na Novemba 2024 kilibakiwa na kimoja. Progressive Democrats kilivunjwa mwaka 2009. Vyama hivyo viliikubali kazi ambayo wakubwa waliiogopa, navyo viliadhibiwa kwa kila kosa la chungu zima. Anayetaka kulalamika juu ya mseto na alalamike hapa, maana hapa pana dhuluma ya kweli.

Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 hakuna chama kidogo kilichokubali kuingia chunguni tena. Fianna Fáil na Fine Gael, wenye viti 48 na 38 kati ya 174, walikwenda kwa wabunge wasio na chama. Januari 2025 baadhi ya wabunge hao waliiunga mkono serikali, kisha wakataka pia wapewe muda wa kusema uliowekwa kwa upinzani. Tarehe 22 Januari ukumbi uliwaka kelele hata kikao kikaahirishwa, na Taoiseach akachaguliwa kesho yake. Ni ugonjwa ule ule wa 2016 uliorudi katika mwili mwingine: kula sahani mbili na kukana zote mbili.

Kwa ugonjwa huo wanazuoni wetu wanapendekeza kukatwa mkono wa mpiga kura. Wanataka karatasi yenye alama moja, jimbo lenye mbunge mmoja, na chama chenye theluthi moja ya kura kikabidhiwe zaidi ya nusu ya viti, ili kina Haughey wa kesho wasipate haja ya kuzungumza na kina O'Malley waliowafukuza. Njia halali ya kulipata jambo hilo ipo, nayo haipiti katika majarida ya vyuo vikuu. Ni kuwauliza Waayalandi kwa mara ya tatu.